Maisha ya Imamu Abu Hanifa, Tajiri wa Nguo Aliyeaminiwa na Watu

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia biashara na akatuharimishia riba. Na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, ambaye kabla ya kupewa Utume alisafiri Sham na mali ya Bibi Khadija, akairejesha amana yake kamili pamoja na faida yake. Na ziwafikie jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu, ni wachache katika pwani yetu hii wasiolisikia jina la Imamu Abu Hanifa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sisi wengi wetu tu wafuasi wa Imamu Shafi. Lakini wako ndugu zetu, kama Wamemani na wengineo ambao wazee wao walitoka Bara Hindi, washikao madhehebu ya Abu Hanifa, nasi twasali nao safu moja na twauziana nao katika soko moja. Basi twamjua kuwa ni bahari ya elimu ya fikihi. Lakini si wengi wetu tujuao ya kuwa bahari hiyo ilikuwa na duka. Ya kuwa mtu huyu anayefuatwa na mamilioni ya Waislamu alikuwa akiuza nguo, akikopesha, akituma mali kwa mkono wa washirika wake, na akila katika faida yake.

Katika kitabu kidogo hiki twataka kuyaeleza maisha yake kwa upande huo wa duka. Makusudio yetu ni kujibu swali ambalo kila mfanyi biashara hujiuliza, mdogo na mkubwa: mtu hupataje kuaminiwa? Wako wadhanio kuwa mtu huaminiwa kwa ulimi mtamu. Na wako waapao yamini kila wauzapo pishi ya mchele. Na wako wapambao milango ya maduka yao. Maisha ya Imamu yatuonyesha njia nyingine. Katika kila biashara yuko mwenye kujua na yuko asiyejua. Muuzaji aijua mali yake, mnunuzi haijui. Mshirika aliye safarini ayajua yaliyotendeka, aliyebaki nyumbani hayajui. Mwenye kuwekewa amana ajua ilipo, mwenyewe hajui. Uaminifu ni yule ajuaye kumwambia asiyejua, ijapokuwa kwa kumwambia huko atapata khasara. Hili ndilo fundisho la maisha yake, kama utakavyoona, inshallah.

KUZALIWA KWAKE NA MJI WAKE

Jina lake ni Nuuman bin Thabit. Alizaliwa katika mji wa Kufa, nchi ya Iraq, mwaka 80 wa Hijra, nao ni mwaka 699 wa Miladi, zama za Khalifa Abdulmalik bin Marwan. Jamaa zake hawakuwa Waarabu kwa nasaba, walikuwa Waajemi. Na wengi wa walioandika khabari zake wasema kuwa babu yake, jina lake Zuta, asili yake ilikuwa Kabul.

Mji wa Kufa ulijengwa mwaka 17 wa Hijra, yaani 638 wa Miladi, katika ukhalifa wa Sayyidna Umar, uwe kambi ya majeshi karibu na mto Furati. Haukupita muda mrefu ila kambi iligeuka kuwa mji mkubwa, wenye misikiti na masoko, na watu wa kila kabila wakakaa humo, Waarabu wa kusini na wa kaskazini, Waajemi na wengineo. Katika mji wa namna hii watu wengi hawajuani kwa ukoo wala kwa mtaa. Mgeni hununua kwa mgeni, na mgeni humkopesha mgeni. Ikiwa hapana uaminifu, soko kama hilo haliwezi kusimama.

Biashara ya Imamu ilikuwa ni nguo za khazz, nazo ni nguo zilizofumwa kwa hariri na sufi. Duka lake lilikuwa mashuhuri mjini, katika nyumba iliyojulikana kwa jina la Amr bin Hurayth. Na kila aliyepata kuuza nguo ajua kuwa nguo ni mali yenye mtihani. Jora likiwa limekunjwa, ila iliyo ndani haionekani. Rangi iliyofifia huonekana njema katika giza la duka. Mnunuzi wa kawaida hawezi kutambua kwa mkono wake hariri ni kiasi gani na sufi ni kiasi gani. Kwa hivyo mwenye duka la nguo kila siku hupata nafasi ya kumla asiyejua, na hapana shahidi juu yake ila Mwenyezi Mungu.

DUKA NA DARSA

Katika ujana wake Nuuman alikuwa mtu wa sokoni. Wamesimulia kuwa siku moja alipita mbele ya Sheikh Shaabi, aliyekuwa mmoja katika wanazuoni wakubwa wa Kufa, naye Sheikh akamuuliza ni kwa nani aendako kila siku. Nuuman akamjibu kuwa huenda sokoni. Sheikh akamweleza kuwa hakumuuliza khabari za soko, alimuuliza khabari za wanazuoni. Na alipoambiwa kuwa kwa wanazuoni haendi ila mara chache, alimnasihi ashike elimu, kwani ameona ndani yake akili iliyo macho. Maneno hayo yakamwingia moyoni.

Baadaye akajifunga kwa Sheikh Hammad bin Abi Sulayman, akakaa naye muda wa miaka 18, hata Sheikh Hammad alipofariki mwaka 120 wa Hijra, yaani 738 wa Miladi. Ndipo wanafunzi walipomtaka akalie mahali pa mwalimu wao, naye umri wake ulikuwa ni kiasi cha miaka 40.

Lakini hakulifunga duka lake. Alikuwa na washirika na mawakili wa kumwuzia, na jicho lake lilikuwa juu ya kazi yao. Na hapa pana jambo la kuzingatia. Duka lilimlisha, hata asiwe na haja ya kunyosha mkono kwa watawala. Na elimu ililinda duka, hata lisiingie haramu. Tena soko lilimfundisha yale ambayo mwanachuoni asiyeuza wala kununua huenda yakampita.

Tazama mas-ala ya biashara ya salam, nayo ni mtu kutoa fedha leo ili apewe mali baadaye, kama mwenye kulipa fedha sasa kwa nafaka itakayovunwa msimu ujao. Imamu alishurutisha yatajwe yote waziwazi: jinsi ya mali, na aina yake, na sifa yake, na kadiri yake, na muda wa kuitoa, na fedha iliyotolewa ni kiasi gani, na mahali pa kuikabidhi ikiwa ni mali yenye gharama ya kuchukuliwa. Masharti hayo yote makusudio yake ni moja, asibaki mmoja wao gizani. Na vilevile mtu akinunua kitu kabla ya kukiona, katika madhehebu yake mtu huyo ana khiyari siku atakapokiona, akitaka atakichukua na akitaka atakirudisha. Katika madhehebu yetu ya Shafi kauli yenye nguvu ni kuwa kitu kisichoonekana hakifai kuuzwa tangu mwanzo. Maimamu wamekhitilafiana katika njia, lakini wote wamemlinda yule yule asiyejua.

BIBI ALIYELETA NGUO KUUZA

Siku moja bibi mmoja alimjia dukani na nguo ya khazz, ataka kuiuza. Imamu akamuuliza bei, naye akataja dirham 100. Kama angalikuwa ni mtu wa kutazama faida ya siku hiyo, angalimhesabia fedha yake upesi kabla hajabadili shauri. Bibi ameridhia, bei ameitaja mwenyewe, na hapana aliyemlazimisha. Lakini Imamu alimwambia kuwa nguo yake ina thamani zaidi. Bibi akaongeza mia. Akamwambia ni zaidi. Akaongeza mia tena, na tena, hata ikafika 400. Na Imamu bado anamwambia kuwa thamani yake imezidi hiyo. Hapo bibi akadhani kuwa anafanyiwa mzaha. Imamu akamtaka alete mtu wa kuithamini, akaletwa mtu, na nguo ikanunuliwa kwa dirham 500.

Fikiri, ewe ndugu yangu. Bibi yule alikuja na dirham 100 moyoni mwake, akaondoka na 500. Wengi wetu twajua kuwa ni haramu kumdanganya mnunuzi. Lakini twasahau kuwa muuzaji naye huenda akawa ndiye asiyejua. Mzee aletaye dhahabu ya marehemu mkewe, au yatima aletaye shamba la baba yake, au mkulima aliyetoka bara hajui bei ya mjini, hawa wote wamesimama mahali pa bibi yule. Tajiri awanyamaziaye hakusema uwongo, lakini amekula kutojua kwao.

BEI YA KUNUNULIA

Bibi mwingine, naye mtu mzima na mnyonge, alimjia akitaka nguo. Akamweleza Imamu kuwa yeye ni dhaifu, na kuwa jambo hili analiweka kwake kama amana, basi amwuzie kwa bei ile ile aliyonunulia. Imamu akamwambia aichukue kwa dirham nne. Bibi akaona anachezewa, naye ni mkongwe. Kwani nguo ya khazz kwa dirham nne ni jambo lisilosadikika. Ndipo Imamu alipomfafanulia hesabu yake. Alinunua nguo mbili pamoja, akauza moja kwa bei ya zote mbili ila dirham nne. Basi nguo hii iliyobaki imemsimamia kwa dirham nne, na hiyo ndiyo bei yake ya kununulia.

Angaliweza kumwambia bei ya nguo moja kama alivyoinunua siku ile, na hapana ambaye angalimlaumu. Lakini bibi alitaka kujua nguo imemgharimu nini, naye akamwambia kweli yote, hata ile iliyokuwa katika hesabu ya moyoni mwake.

Wanazuoni wa madhehebu yake wameliita fungu hili la biashara kwa jina la biashara za amana. Ndani yake mna tawliya, nayo ni kuuza kwa bei ya kununulia. Na mna murabaha, nayo ni kuuza kwa bei ya kununulia pamoja na faida iliyotajwa. Zimeitwa za amana kwa kuwa mnunuzi hana pa kushika ila neno la muuzaji. Imamu alihukumu kuwa muuzaji akionekana amesema uwongo katika tawliya, ile ziada itapunguzwa. Na akionekana amesema uwongo katika murabaha, mnunuzi ana khiyari, akitaka ataichukua mali kwa bei hiyo na akitaka atairudisha. Basi mwenye kumwambia mshitiri wake kuwa mali hii imenisimamia kwa kadha, na kumbe si kadha, ajue kuwa hakusema maneno ya sokoni tu, amevunja amana.

ILA YA NGUO

Alikuwa na mshirika jina lake Hafs bin Abdurrahman, ambaye alikuwa akimpelekea mali akauze. Safari moja alimpelekea nguo, na miongoni mwake ilikuwamo moja yenye ila. Akampa khabari ya ila hiyo, akamwagiza aibainishe kwa mnunuzi. Hafs akaziuza nguo zote, akasahau kuibainisha, na wala hakumjua aliyeinunua. Imamu alipopata khabari hiyo aliitoa sadaka thamani ya mali ile yote. Baadhi ya wasimulizi wameitaja kuwa ilikuwa ni dirham 30,000, na wengine wameongeza kuwa aliuvunja ushirika wake na Hafs.

Katika kisa hiki yako mambo mawili yatakayo kuangaliwa vizuri.

La kwanza, Hafs hakuiba. Alisahau. Na Imamu alikuwa ameagiza kama ipasavyo. Wengi katika sisi tungalisema kuwa dhambi ni ya wakili, sisi tumekwisha toa agizo letu. Imamu hakusema hivyo. Mnunuzi yule alilipa fedha, na fedha ikaingia katika mfuko wa Abu Hanifa; kwa hivyo aliiona ila ile kuwa ni yake yeye. Tajiri aliye na mtumishi dukani, au nahodha baharini, au wakili mji mwingine, asidhani kuwa uaminifu wake waishia pale mkono wake unapoishia. Watu hawamjui wakili. Walijua jina la tajiri, nalo ndilo waliloliamini.

La pili, hakutoa sadaka bei ya nguo moja tu. Alipokuwa hawezi kuipambanua fedha ya nguo yenye ila katika fedha iliyochanganyika, na mwenye haki haonekani, aliitoa yote. Mtu wa hesabu atasema kuwa hii ni khasara kubwa kwa ila ndogo. Naam, ni khasara. Hatutaki kumdanganya msomaji ya kuwa uaminifu hauna bei yake.

Na hapa huenda mwenye duka akatuambia ya kuwa lau atamwambia kila mnunuzi ila ya mali yake, atafunga duka kabla ya mwezi kwisha. Twamjibu kwa kumtajia duka la Imamu lenyewe. Halikufungwa kwa ajili ya kusema kweli, lilistawi. Na sababu yake si ngumu kufahamu. Mnunuzi hawezi kuijaribu nguo, basi humjaribu muuzaji. Aliyekuambia ila ya nguo moja, utamwamini kwa sifa za nguo mia. Lakini yule asifiaye yote, sifa zake zote huwa hazina thamani, kwani hujui ipi ya kweli na ipi ya kuuzia. Mwenye kutia maji karafuu zake zipate uzito amepata ratli chache siku ile, na amepoteza neno lake kwa siku zote; atakapoleta karafuu kavu msimu ujao, nazo zitatazamwa kama zile mbichi. Njia ya mwongo ni fupi.

Hata hivyo, tusimfahamu Imamu vibaya. Hakusema kweli ili duka lijae. Alipomwambia bibi yule thamani ya nguo yake, hakujua kama atarudi tena. Mwenye kuwa mwaminifu kwa ajili ya faida tu, siku faida itakapokuwa katika khiana ataifanya khiana. Faida ilimjia Imamu nyuma ya uaminifu, kama kivuli kimfuatavyo mtu. Na mwenye kukifukuza kivuli hakikamati.

MDENI ALIYEJIFICHA

Shakik wa Balkh, aliyekuwa mtu mcha Mungu mashuhuri, alisimulia kuwa siku moja alikuwa njiani pamoja na Imamu wakienda kumtazama mgonjwa. Mtu mmoja akawaona kwa mbali, akageuza njia na kujificha. Imamu akamwita, akamuuliza kwa nini ameiacha njia aliyokuwa akiipita. Mtu akaona haya, akakiri kuwa yeye ana deni lake la dirham 10,000, na muda umekuwa mrefu, wala hana cha kulipa. Imamu akastaajabu kuona kuwa jambo limefikia hata ndugu yake akimwona humkimbia. Akamsamehe deni lote papo hapo. Kisha naye akamwomba mtu yule amsamehe kwa ile khofu iliyomwingia moyoni alipomwona.

Hatusemi kuwa kila mwia lazima asamehe kila deni. Kudai haki ni halali, na kulipa deni ni wajibu, na mwenye uwezo akicheleweshacheleweshа kulipa ni dhalimu. Lakini mdeni huyu hakuwa mwenye hila. Alikuwa ni mtu asiye na cha kulipa, na haya imemshika. Imamu aliona ya kuwa uaminifu baina ya watu wawili umekwisha kufa ikiwa mmoja hukimbia akimwona mwenziwe, na akaona kuwa kuuhuisha ni bora kuliko dirham 10,000. Nawe, ewe mdeni, uchukue fungu lako katika kisa hiki: usijifiche. Mdeni amwendeaye mwia wake na kumweleza hali yake amempa khabari aliyokuwa hana, na amebakisha heshima yake. Ajifichaye amemwacha mwia na dhana, na dhana huwa mbaya kuliko jambo lenyewe.

FAIDA YAKE ALIIFANYAJE

Ilikuwa ni ada yake kukusanya faida ya mwaka, akawanunulia wanazuoni na wanafunzi wake mahitaji yao, chakula na mavazi, kisha fedha iliyobaki akawagawia. Na alipowapa aliwataka wasimshukuru yeye, wamshukuru Mwenyezi Mungu. Kwani alisema kuwa hakuwapa kitu katika mali yake, ila ni faida ya bidhaa zao ambayo Mwenyezi Mungu ameipitisha katika mikono yake. Mwanafunzi wake mkubwa, Abu Yusuf, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu, alikuwa fakiri katika utoto wake, na ni Imamu aliyemkimu yeye na watu wa nyumbani kwake hata akapata elimu. Basi faida ya duka la nguo la Kufa imetuletea vitabu na hukumu ambazo hata leo zinasomwa.

KUKATAA UKADHI

Katika mwisho wa dola ya Banu Umayya, liwali wa Iraq, Ibn Hubayra, alimtaka Imamu ashike kazi ya ukadhi. Imamu akakataa. Liwali akaamrisha apigwe mijeledi, na wengi wataja kuwa alipigwa 110, kumi kila siku, naye hakukubali. Alipoachiliwa alikwenda Makka akakaa huko.

Kisha dola ikageuka, wakaja Banu Abbas. Khalifa Mansur, ambaye mwaka 145 wa Hijra, yaani 762 wa Miladi, alianza kuujenga mji wa Baghdad, naye akamtaka ashike ukadhi. Imamu akajibu kuwa hafai kwa kazi hiyo. Khalifa akamkadhibisha. Ndipo Imamu alipomwambia kuwa, ikiwa amesema kweli, basi hafai kama alivyosema. Na ikiwa amesema uwongo, basi mwongo hafai kuwa kadhi. Khalifa hakuwa na jawabu ila gereza.

Huenda msomaji akauliza, haya yana nini na biashara? Yana mengi. Kadhi naye ni mwenye kuwekewa amana: watu humwekea haki zao, naye ajua hukumu na wao hawajui. Imamu aliogopa kuikalia kazi ambayo mtawala ataweza kumtaka ainamishe mizani yake. Yule ambaye hakukubali kuficha ila ya nguo moja, vipi atakubali kuficha ila ya hukumu? Na kama asingalikuwa na duka la halali la kumlisha, huenda angaliona vigumu zaidi kusema hapana. Hakuchukua zawadi za Khalifa, na kwa hivyo hakuwa na deni kwake.

KUFA KWAKE NA AMANA ZA WATU

Imamu alifariki Baghdad mwaka 150 wa Hijra, yaani 767 wa Miladi. Na wengi wasema alifia kifungoni. Alizikwa katika makaburi ya Khayzurani, na mtaa ule mpaka leo waitwa Aadhamiyya, kwa lakabu yake ya Imamu Mkuu. Na katika mwaka ule ule alizaliwa Imamu wetu Shafi katika mji wa Ghaza. Kisha alipokuwa mtu mzima alisoma kwa Muhammad bin Hasan, mwanafunzi wa Abu Hanifa. Hivyo elimu ya mwenye duka yule ilitufikia hata sisi.

Alipokufa, nyumbani kwake mlikuwa na amana nyingi za watu, dhahabu na fedha na vitu vinginevyo. Baadhi ya wenyewe walikuwa hawapo, na wengine walikuwa ni mayatima. Mwanawe, aliyeitwa Hammad kwa jina la mwalimu wa baba yake, alizichukua akazipeleka kwa kadhi, akataka azipokee. Kadhi akakataa, akamwambia kuwa hatazitoa mkononi mwake, kwani yeye ndiye astahiliye kuziweka. Hammad akamwomba azipime na kuzihesabu na kuzipokea, ipate kutoka dhima ya baba yake, kisha afanye apendavyo. Kadhi akakubali, na kazi ya kupima na kuhesabu ikachukua siku kadha wa kadha. Ilipokwisha, Hammad akajificha, asionekane hata kadhi alipozikabidhi kwa mtu mwingine.

Wazee wetu wasema, mali bila daftari hupotea bila khabari. Hammad hakutaka watu wamwamini baba yake kwa sifa tu. Alitaka amana zihesabiwe kimoja kimoja mbele ya hakimu, ijulikane kuwa hazikupungua. Wala hakutaka aaminiwe yeye kwa sababu ya baba yake. Aliona kuwa uaminifu haurithiwi kama nyumba. Kila mtu lazima ajenge wake.

MWISHO

Ndugu zetu, wazee wa pwani hii waliuza na kununua na watu wa Hindi na Arabuni na Ghuba kwa muda wa karne nyingi. Jahazi ilikwenda na kusi na kurudi na kaskazi, na miezi ilipita tajiri hana khabari ya mali yake. Hakuwa na la kushika ila neno la nahodha. Leo khabari huenda upesi, lakini bado mtu hupeleka fedha kwa asiyemwona, na hupokea mali iliyofungwa asiyoijua ndani. Haja ya uaminifu haikupungua.

Basi kila mmoja wetu afunguapo duka lake asubuhi ajiulize swali moja: katika biashara nitakayofanya leo, mimi najua nini ambacho mwenzangu hakijui? Akishalijua jawabu, na amwambie. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, na ndimi za kweli, na atuwezeshe kurudisha amana kwa wenyewe kabla ya siku ya kuhesabiwa. Amin.